Utalichomeka Wapi?

Gari la Kipanya mmeliona. Ambaye hakuliona kwenye televisheni ameonyeshwa kwenye simu na kijana wa bodaboda, na ambaye hakuonyeshwa amesimuliwa kijiweni hadi akachoka. Kwa hiyo habari yenyewe hatuirudii. Mnajua kwamba Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji mwenzetu, alionyesha Dar es Salaam, Machi 2022, kigari cha umeme kilichoundwa humu humu nchini na kampuni yake ya Kaypee Motors. Tunampongeza kwa moyo mweupe. Sisi watangazaji tumezoea kufanya kazi kwa mdomo. Yeye ameingia gereji.

Redio hii ina wasiwasi, lakini gari lenyewe halina kosa. Wasiwasi wetu uko ukutani, pale penye soketi. Au pale ambapo soketi ingekuwapo. Utalichomeka wapi?

Tangu siku ile ujumbe wenu unaingia mfululizo. Msikilizaji wa Mikumi anauliza: likizimika katikati ya hifadhi, kwenye zile kilomita 50 za lami ambako tembo anavuka akijisikia na simba analala kando ya barabara, nishuke nikachomeke kwenye mti gani? Msikilizaji wa Munisagara anauliza kama chombo cha umeme kinaweza kupita kwenye maji siku Mto Mkondoa umekasirika. Fundi wa hapa Kilosa mjini anasema spea za Toyota IST anazipata hata usiku wa manane, za hilo gari atazifuata wapi? Na mmoja hakuuliza kitu. Aliandika: "Mambo ya Dar hayo." Akaishia hapo.

Mashaka yenu hatuyacheki. Nchi hii imeonyeshwa magari yake mapema sana. Pale Kibaha liko Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya jeshi, na malori ya Nyumbu yaliundwa kweli na yakatembea kweli. Watoto wa wakati ule waliamini watakapokuwa watu wazima wataendesha Nyumbu. Leo ni watu wazima, na nyumbu wanaowaona barabarani ni wale wa Mikumi wenye mikia. Majirani zetu Waganda nao, mwaka 2011, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa gari la umeme la viti viwili, wakaliita Kiira. Watu wakashangilia. Miaka kumi imepita na ushee, na gari lile la viti viwili hulioni sokoni, ingawa mradi wenyewe haukufa, umehamia kwenye mabasi. Kutoka gari la kupigia picha hadi gari la kununua ni mwendo mrefu, na mwenye kuuliza maswali njiani asiitwe mchawi.

Hata wakubwa walingoja. General Motors ya Marekani ilionyesha Chevrolet Volt Januari 2007, na mteja wa kwanza akakabidhiwa lake Desemba 2010. Karibu miaka minne ya kelele, mabishano na kungoja. Na lilipotoka, ndani yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na betri, naam, na waya wa kuchomeka nyumbani usiku, naam, lakini pia kulikuwa na injini ya petroli, ili betri ikiisha mtu asilale njiani. Fikirini hapo. Mmarekani, mwenye soketi sebuleni, jikoni, bafuni na kwenye banda la gari, aliogopa kuzimikiwa njiani kiasi cha kubeba petroli ya akiba. Sasa mtu wa Munisagara aogope kiasi gani?

Tunarudi palepale. Nguzo ya umeme.

Wengine mtasema redio hii kila wiki ni nguzo. Tulipozungumzia mashine za kusaga, tulisema nguzo. Tulipozungumzia zahanati, nguzo. Wiki ya walimu, nguzo. Leo tunazungumzia gari, na bado ni nguzo, kwa sababu ndipo lilipo tatizo na hatujaona likihama.

Kuanzia Januari 2022, wa mjini aliyetaka kuunganishiwa umeme wa njia moja, kama alikuwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, alilipa shilingi 320,960. Akihitaji nguzo moja, alilipa 515,618. Akihitaji nguzo mbili, alilipa 696,670. Wa kijijini alibaki kwenye 27,000. Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi, mimi ni wa kijijini. Sawa. Lakini Mikumi ni nini? Ni mji au ni kijiji? Kilosa je? Iko mitaa ya miji midogo ambako jirani analima mahindi mpaka mlangoni, mbuzi wanalala nyuma ya nyumba, maji yanachotwa kisimani, na ukienda kuomba umeme unaambiwa wewe ni wa mjini. Huo umjini wake uko wapi? Uko kwenye risiti.

Na huyo wa 27,000, pesa anayo mkononi, nguzo iko wapi? Maana bei ya nguzo isiyofika haina maana kwake. Mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefika vijiji vingi, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini kufika kijijini kuna maana mbili. Umeme unaweza kufika ofisi ya kijiji, ukapigiwa picha, na vitongoji vya nyuma vikaendelea kuchaji simu dukani kwa shilingi mia tatu. Mtu anayelipia kuchaji simu, mnamwambia habari ya kuchaji gari?

Tuseme basi nguzo imefika. Tuseme una gari. Hesabu ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, tuifanye pamoja, maana hii hatujasikia mtu akiifanya. Kwa bei za mwaka 2022, mwenye nyumba mwenye matumizi madogo yuko kwenye kundi la D1: uniti moja shilingi 100, kabla ya kodi, mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Akipita, uniti inayofuata ni shilingi 350. Gari la umeme la kawaida la abiria linakula kama uniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100, na hapo ni kwenye lami iliyonyooka. Kilosa hadi Mikumi ni kilomita sabini na kitu, na njia mnaijua, kifusi na makorongo. Kwenda na kurudi mara tatu, uniti 75 zimekwisha. Hujawasha taa. Hujapiga pasi sare ya mtoto. Ukiendelea hivyo, unahamishwa kundi, na nyumba nzima, mpaka balbu ya chooni, inalipa bei ya juu kwa sababu ya gari.

Hata hivyo, tuwe wakweli, umeme huo bado ni nafuu kuliko petroli. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipandisha pipa la mafuta kupita dola 100, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa kusikiliza EWURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Na bei ya EWURA ni ya kituoni. Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kule ndani haina EWURA. Anayeibeba ndiye anayeipangia bei. Kwa hiyo gari la umeme lingetufaa sisi kuliko linavyomfaa mtu wa Masaki, kwa matajiri wa Dar. Ndiyo maana tunapiga kelele. Mwenye njaa ndiye anayeuliza ugali utaiva lini.

Kisha liko suala la umeme wenyewe kuwapo ndani ya waya. Novemba 2021 tuliambiwa mito imekauka, maji yamepungua mabwawani, umeme hautoshi. Bwawa la Kidatu ni jirani yetu hapo, wakubwa kwa wadogo wanalijua, megawati 204, linafua umeme tangu miaka ya sabini, na nyaya zake nene zinaondoka kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu. Mtu analima chini yake. Jua likizama anawasha kibatari chini yake. Tuliambiwa tusubiri Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, ambalo kwa mkataba lilipaswa kukamilika Juni 2022, na Juni hiyo haikuwezekana. Tukasubiri. Treni ya umeme nayo tuliisubiri. Kipande cha reli yake, Dar es Salaam hadi Morogoro, kiliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017, kikapewa miezi 30. Hesabuni wenyewe miezi.

Treni hiyo inapita kwetu. Milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki ili ipite. Wenye umri mnakumbuka mwisho wa mwaka 2009 na kuingia 2010, Mkondoa ulipovunja kingo, watu wa Kilosa wakaishi kwenye mahema, na reli ya zamani ikazolewa huku kwenye bonde letu kuelekea Kidete na Gulwe, treni ya Kigoma ikasimama miezi. Safari hii wameinua tuta na kutoboa mlima. Vizuri. Na treni ya umeme inataka nguzo, na nguzo zake zimesimama, moja baada ya nyingine, zimenyooka, mpaka Dodoma. Nguzo za treni hazikosi fungu. Hatusemi hazikustahili kusimama. Tunauliza tu: fundi aliyesimamisha nguzo ya treni Kilosa, alishindwa nini kugeuka kushoto akasimamisha moja ya kitongoji?

Nguzo, ndugu zangu. Nguzo. Kabla ya gari, nguzo. Kabla ya betri, nguzo. Kabla hatujabishana kama Kipanya anaweza au hawezi, nguzo.

Na hapa tuache kulalamika redioni peke yetu, maana sisi tukimaliza kusoma tunazima maikrofoni na ninyi mnabaki na giza lenu. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nendeni! Msiwaachie wazee watatu na mwenyekiti. Wa Munisagara nendeni, wa Mikumi kwenye mitaa yenu nendeni, wa Kilosa nendeni. Mama uliyefungia mashine ya kusaga kwa sababu dizeli imekushinda, nenda ukaseme. Kijana wa bodaboda unayelionyesha gari la Kipanya kwa kila abiria, nenda nalo kwenye mkutano hilo hilo, liweke mezani, muulize mtendaji: hili likija nitalichomeka wapi? Mkiambiwa mpango upo, ombeni mwezi. Mkipewa mwezi, uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkiambiwa ninyi ni mji, ombeni kuonyeshwa barua inayosema hivyo. Kitongoji kitajwe kwa jina lake, kisijifiche ndani ya neno "kijiji". Msiondoke mpaka kimetajwa!

Na wewe uliyetuandikia kwamba ni mambo ya Dar, njoo na wewe. Mwaka 1995 hata simu ya mkononi ilikuwa mambo ya Dar.

Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kila mwaka, na makadirio ya Wizara ya Nishati husomwa humo. Wilaya hii ina wabunge wawili, wa Kilosa na wa Mikumi. Namba zao za simu mnazo, mlipewa wakati wa kampeni.