Nani anashona ovaroli za Kolwezi?

Wandugu na wadada wa Manika na Dilala,

Angalieni jinzi mulizovaa. Ile misumari midogo ya mifukoni ilianza kuwa ya shaba 1873, Levi Strauss na Jacob Davis walipopata hati yake Marekani. Shaba inatoka kwetu, suruali inarudi kwa njia ya Kasumbalesa ndani ya balo.

Siku hizi Ulaya wanazungumzia nguo ya haki. Sisi tunajua mambo hayo, kwani kobalti yetu pia wanaitafutia cheti, na cheti hakionyeshi mtu aliye ndani ya shimo. Tarehe 24 Aprili 2013, Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliwaangukia washonaji, wakafa zaidi ya 1,100. Siku iliyotangulia waliona nyufa ukutani, na bado wakarudishwa kazini. Juni 2019, hapa KOV, udongo uliwafunika wachimbaji. Walihesabiwa wafu 43. Wale na hawa walikuwa wanatafuta chakula.

Sitawaambia muache mitumba. Mwenye kulipwa kwa siku atavaa nini? Tena mitumba ni nguo inayotumika mara ya pili, hiyo si mbaya. Shida ni zile za bei ya chini, za poliesta, yaani mafuta ya petroli: unafua mara chache zinapasuka, kutirye hawezi kuzirudisha, zinachomwa nyuma ya nyumba. Rwanda ilipandisha sana ushuru wa mitumba 2016, na 2018 Marekani ikaondolea nguo zake nafuu ya ushuru. Kufunga mpaka si mchezo.

Kongo ilikuwa na viwanda: FILTISAF kule Kalemie, SOTEXKI Kisangani, UTEXAFRICA Kinshasa. (Pamba babu zetu walilimishwa kwa nguvu na Wabelgiji, kwa hiyo siililii ile zamani.)

Lakini tuanze karibu. Kampuni za migodi zinavalisha maelfu ya wafanyakazi. Nani anashona hizo ovaroli? Sheria ya 2017 inawawekea Wakongomani kazi za sous-traitance. Kodi ya migodi ya 2018, yaani ile sheria kubwa ya madini, inalazimisha kampuni zinazochimba kutoa 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji.

Tunadai mambo mawili. Kampuni zitangaze zinanunua wapi nguo za kazi, na kwa bei gani. Na sehemu ya oda ije kwa makutirye wa hapa, mashini na mafunzo yalipwe na ile 0.3%. Ovaroli ya mgodi iko na masharti yake, kitambaa kigumu, mistari ya kung'aa; mashini ya mguu ya pale sokoni haitoshi, tusidanganyane.

Barua kwa serikali ya jimbo tunaiandika wiki hii. Wenye kushona, mubakie kidogo baada ya mkutano: mutuambie munalipwa ngapi kwa suruali moja, na kitambaa munanunua ngapi. Tunataka kuandika bei hizo ndani.