Baraza na Kamukunji: Maneno Mawili na Uwanja wa Maoni ya Umma



Mada ya mhadhara huu ni uwanja wa umma kama unavyodhihirika katika historia ya maneno mawili ya Kiswahili: baraza na kamukunji.

Katika miji ya Waswahili, baraza kwanza ni kitu cha kushikika: benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa nyumba na kuelekea uchochoroni. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wenyeji huketi hapo jioni, wakanywa kahawa, wakacheza bao na kupima habari za bei, za ndoa na za siasa. Mwenye nyumba na mpita njia huzungumza wakiwa wameketi kwa kimo kimoja. Jaws Corner, njia panda iliyopata jina lake kutokana na filamu ya mwaka 1975, imejulikana sana kwa mijadala ya kisiasa katika enzi ya vyama vingi.

Baadaye neno hilo lilipanda cheo. Likazaa Baraza la Mawaziri, Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar la mwaka 1980. Nchini Kenya, tangu enzi ya ukoloni, baraza la chifu limekuwa mkutano ambamo raia walioitwa na serikali husikiliza zaidi kuliko wanavyosema.

Kamukunji lilifuata njia nyingine. Asili yake ni jina la uwanja mmoja wa Nairobi. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, wananchi walikusudia kukutana hapo kudai vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo, walitiwa kizuizini siku chache kabla. Mkutano ulipigwa marufuku, polisi wakatumia nguvu, na watu wakapoteza maisha. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichohalalisha chama kimoja tu, kilifutwa. Leo kamukunji ni nomino ya kawaida nchini Kenya: wanafunzi wa vyuo vikuu huitisha kamukunji popote wanapoweza kusimama na kusikilizana.

Hata hivyo, baraza la mtaani lisisifiwe kupita kiasi. Kwa desturi lilikuwa la wanaume. Maoni ya wanawake yalipita uani, katika ngoma na katika maandishi ya kanga, na mtafiti asiyefika huko husikia nusu tu ya umma.

Kamusi inayofasiri maneno haya mawili kuwa "mkutano" haijakosea, lakini imeacha maswali mawili makubwa: nani ameuitisha, na nani anaruhusiwa kujibu? Msomi wa Kiswahili anayeyaandika majibu yake huwa anahifadhi pia kumbukumbu ya haki za wasemaji wa lugha hiyo.