Mtoto Wako Ameambiwa Ana Kisukari

Leo nazungumza nawe uliyetoka hospitalini juzi na mtoto, chupa ya insulini, sindano, na maswali chungu nzima.

Kwanza, usijilaumu. Kisukari cha aina ya kwanza hakikuletwa na chai yenye sukari nyingi wala peremende ulizomnunulia. Hakuna aliyemroga. Kinga ya mwili wake yenyewe imeharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na bila insulini sukari hubaki kwenye damu badala ya kumpa nguvu. Ndiyo maana alikuwa akikojoa kila mara, hata kitandani, akinywa maji bila kukata kiu, na kukonda ilhali anakula.

Utaambiwa mengi. Jirani ataleta mitishamba; mwingine atasema mtoto aombewe na sindano ziachwe. Omba, mama, hakuna anayekukataza. Lakini insulini isiachwe hata siku moja, hata akionekana amepona. Kabla ya mwaka wa 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa, watoto kama huyu walikuwa wakifa. Leo wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa. Akitapika, akipumua kwa kasi na kwa kina, au pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, mkimbize hospitalini, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Katika nyumba nyingi ninazotembelea, mama peke yake ndiye anayejua kudunga. Akienda matanga au akiugua, mtoto anakosa dawa. Baba mzima anayechinja mbuzi, akiona kisindano hiki hutoka nje! Siku ya kliniki nenda na mtu wa pili: baba, nyanya au dada mkubwa. Mwambie nesi amfundishe yeye, wewe utazame tu. Nyumbani, mpeane zamu.

Watu hao, pamoja na mwalimu wa darasa, wajue pia dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, ukali usio wa kawaida, kuongea ovyo. Mtoto wa shule apewe papo hapo vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akizirai, asinyweshwe kitu wala kudungwa insulini. Alazwe ubavu, apakwe asali kidogo au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, apelekwe hospitalini.

Huna friji? Tia chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Chupa ikae ndani, kwenye kikopo chenye kifuniko, mahali penye kivuli na upepo. Andika tarehe uliyoifungua. Baada ya wiki nne, tumia nyingine.

Na kabla ya kutoka kliniki, uliza kama insulini na vijiti vya kupimia hutolewa bure kwa watoto. Uliza pia kama kuna mzazi jirani mwenye mtoto kama wako, mpeane namba za simu. Usiku ukikesha na mashini ya kupima mkononi, yeye hatakuuliza kwa nini umepiga saa hiyo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chakula chake.