Taa ya Mizigo Isipowaka

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vyenye gari la pamoja)

Akina mama, wazee na vijana, leo mikopo tunaiweka kando. Tuongee juu ya ile taa ndogo iliyo nyuma ya kebini ya pikapu, inayotumulikia tukipakia maziwa na kabeji kabla ya kupambazuka.

Sisi tulikuwa na pikapu ambayo taa hiyo ilikufa. Mama mmoja alikanyaga hewa gizani akiwa na mtungi wa maziwa, akavunjika mkono. Ulipona, lakini mpaka leo hauinui mtungi. Tukamlaumu dereva. Halafu fundi akatuuzia betri mpya, kwa pesa zilizokuwa zamu ya mwanachama mwingine. Taa haikuwaka! Nasi hatukujiuliza: kama injini inawaka na honi inalia, betri ina kosa gani?

Ubaya ulikuwa kwenye waya. Ulipita katika tundu la bati bila mpira wa kuukinga. Gari likitikisika, bati liliukwangua mpaka shaba ikagusa bodi, fyuzi ikaungua. Dereva akaweka karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Basi waya ukachemka, ganda likayeyuka, ukakatika chini ya kiti, na hapo tulikuwa tukiweka mtungi wa petroli. Mungu alituhurumia.

Kwa hiyo anzeni na balbu. Itoeni, mtazame kama uzi wa ndani umekatika, na kama soketi ina kutu. Kisha fyuzi. Mkiweka mpya ikaungua papo hapo, jueni waya unagusa bodi mahali fulani, msiongeze fyuzi kubwa.

Fyuzi ikiwa nzima, chukueni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Washeni swichi ya taa. Waya mmoja uguse chuma safi cha bodi, wa pili uguse pale umeme unapoingilia kwenye soketi. Ikiwaka, umeme unafika. Kosa liko kwenye waya wa kurudi, ule uliofungwa kwenye bodi. Kwangueni kutu, mkaze. Isipowaka, rudini kwenye swichi, mpime upande unaoingia na upande unaotoka. Ukiingia usitoke, swichi imekufa. Usipoingia, fuateni waya kuelekea fyuzi.

Kabla ya kukata au kuunga waya, fungueni kwanza kichwa cha betri cha upande wa hasi.

Taa iliyofungwa na jua kali kutoka betri moja kwa moja iwe na fyuzi yake, karibu na betri. Balbu ya wati 21 hula karibu ampea 2 tu, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 yatosha. Zile za kiwandani, fuateni namba iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Haya, pikapu iko pale chini ya mwembe. Mama mweka hazina ndiye atakayeshika balbu ya kupimia kwanza, maana yeye ndiye hulipa mafundi.