Vumbi la Udongo na Mapafu ya Mfinyanzi



Udongo uliolowa hauyadhuru mapafu ya mfinyanzi. Adui yake ni udongo huo huo ukishakauka na kugeuka vumbi. Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa huko Stoke-on-Trent, Uingereza, mahali palipopata sifa tangu zamani kwa kazi ya vyombo vya udongo na vya kaure.

Katika karne ya 18 wafinyanzi wa huko walichanganya udongo wao na unga wa jiwe la gumegume ili vyombo viwe vyeupe. Jiwe hilo lilisagwa kavu, na wasagaji wakavuta vumbi lake na kufa. Mwaka 1726 Thomas Benson alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kusaga gumegume ndani ya maji.

Lakini vumbi la karakana lilibaki. Mafundi walifagia sakafu kavu, na vyombo vya kaure vilifukiwa katika unga wa gumegume wakati wa kuchomwa tanurini. Ugonjwa uliowapata waganga huuita silikosisi. Chembe za silika, ndogo hata jicho halizioni, huingia chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Mgonjwa hukohoa, pumzi humpungukia, na kifua kikuu humshika kwa urahisi. Makovu hayo hayaponi kwa dawa yo yote. Mwaka 1947 sheria ya Uingereza ilikataza unga huo katika kazi ya kupanga vyombo vya kaure, na unga wa alumina ukashika mahali pake.

Basi mfinyanzi afanye nini? Kwanza, azuie vumbi lisizaliwe. Karakana isifagiwe kavu, bali ipigwe deki, na meza zifutwe kwa sifongo iliyolowa. Mabaki ya udongo yaokotwe yangali mabichi. Chombo kisawazishwe kabla hakijakauka, kisisuguliwe kwa msasa.

Pili, atazame hewa. Wengi hudhani kwamba feni yo yote yafaa. Lakini feni ipulizayo ndani ya chumba huliinua vumbi lililotulia na kulipeleka puani mwa watu. Ifaayo ni ile inyonyayo hewa karibu na pahali vumbi litokapo, ikaitoa nje, mbali na watu. Madirisha wazi husaidia, lakini hayatoshi peke yake. Wala kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe hizo. Yatakiwa barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi laini, tena ikae sawasawa usoni.

Tatu, aproni ivuliwe karakanani, isipelekwe nyumbani penye watoto.

Ugonjwa huu kwa kawaida huchukua miaka mingi kuonekana, na kijana mwenye nguvu hudhani vumbi halimwezi. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa tiba haipo. Ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa si ghali. Mapafu hayauzwi dukani.