Saumu, Sukari na Daktari: Uamuzi ni wa Wawili



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Vijana wenzangu, wazazi wetu, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuhudhuria mazungumzo haya lakini umelishika jarida hili mkononi: leo tunazungumza juu ya mgonjwa na daktari wake. Tutachukua mfano mmoja tu, mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga Ramadhan, kwa sababu hapo ndipo ibada na dawa hukutana, na hapo ndipo watu wetu wengi huumia wakiwa kimya.

Sisi wa Nyeri hatuna haja ya kuambiwa kwamba sukari ipo. Serikali ilipoanza majaribio ya mpango wa afya kwa wote mwezi wa Desemba 2018, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliingizwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa haya yasiyoambukiza, sukari na presha yakiwa mbele. Basi katika kila nyumba kumi za Waislamu unazozijua, kuanzia Majengo hadi Karatina na Nanyuki, hebu jiulize ni ngapi ambazo hazina mzee mwenye kadi ya kliniki.

WAGONJWA WETU HUPITIA NINI?

Chukua mfano wa mama mmoja. Ameamka mapema na baridi yake, amepanda matatu, amepimwa sukari, amekaa kwenye laini. Jina lake likiitwa anaingia haraka maana nje watu bado ni wengi. Daktari anaangalia kadi. "Dawa unameza vizuri?" "Ndio daktari." "Haya, endelea hivyo hivyo, urudi baada ya miezi mitatu." Mama anashukuru, anatoka. Nyumbani wanamuuliza, "Daktari amesemaje?" Anajibu, "Amesema niendelee." Na lile swali alilotoka nalo nyumbani, kwamba Ramadhan yaja na dawa yake ni ya asubuhi na jioni, amerudi nalo vile vile.

Kwa nini hakuuliza? Ukikaa na wagonjwa watakwambia. Wengine wanaona kumuuliza daktari ni kumkosea adabu, yeye ndiye aliyesoma. Wengine lugha inawazuia: daktari anachanganya Kiingereza na Kikuyu, na bibi yetu Kiswahili ndicho anachokielewa sawasawa, au ni Msomali na hata Kiswahili ni cha kubahatisha. Wengine wana mtoto anayewasemea kila kitu. Mzee amekaa pale na akili yake timamu, lakini daktari na kijana wanazungumza juu yake kana kwamba hayupo.

Na kuna sababu kubwa kuliko zote: woga wa kuambiwa "usifunge". Mgonjwa anajua akisema tu neno Ramadhan, atakatazwa. Basi anaamua kunyamaza, anafunga, na dawa anazipanga mwenyewe. Ile ya asubuhi anaiacha, au anameza zote mbili usiku kwa pamoja. Daktari hajui. Imamu hajui. Pengine hata mke wake hajui.

Sisemi hospitali fulani wala daktari fulani. Madaktari wetu wana kazi nyingi, na wengi si Waislamu. Hospitali kama Mathari na Tumutumu zilianzishwa na makanisa, na zimetutibu sisi na wazazi wetu miaka mingi. Daktari asiyefunga hawezi kujua daku huliwa saa ngapi wala futari yetu ina nini kama hatukumwambia. Lakini nawe pia huwezi kujua dawa yako inafanya kazi saa ngapi kama hukumuuliza. Kila mmoja ana nusu ya habari.

HATARI YENYEWE

Mwaka 2001 ulifanywa utafiti mkubwa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ukahusisha wagonjwa wa sukari 12,243. Kati ya wenye sukari ya aina ya pili, hii inayowapata watu wazima wengi, asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi. Kwa hiyo tusijidanganye, watu wanafunga, wawe wamekatazwa au hawakukatazwa. Lakini visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mara 7.5 kwa hao wa aina ya pili ukilinganisha na miezi mingine, na mara 4.7 kwa wa aina ya kwanza. Na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote hawakubadilisha kipimo cha dawa zao.

Hapo ndipo penye tatizo. Tumbo limebadilisha saa za kula, dawa haikubadilishwa. Huku kwetu tuko karibu kabisa na Ikweta, na Nanyuki iko juu yake, kwa hiyo saumu yetu ni ya saa 13 na ushei mwaka wowote, tangu saa kumi na moja alfajiri hivi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuna vidonge, kwa mfano glibenklamaidi, ambavyo huendelea kushusha sukari hata kama hujala. Ukivimeza wakati wa daku, adhuhuri unaweza kuanza kutetemeka, jasho likutoke, ufahamu upotee. Asiyejua atasema ni baridi ya mlima au ni njaa ya saumu, akuambie lala kidogo. Mtu anaweza asiamke.

Kisha ije futari: uji wa sukari, tende, kaimati, viazi karai, chapati, vyote kwa mkupuo. Sukari iliyokuwa chini inaruka juu kabisa.

DINI IMESEMAJE?

Ndugu yangu, Mola aliyefaradhisha saumu katika Suratul Baqara ndiye huyo huyo aliyemruhusu mgonjwa katika aya ya 184 na 185 afunge siku nyingine, na akatufahamisha kwamba anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Ruhusa hiyo si aibu. Na kwa asiyetarajia kupona hata aweze kulipa, wanavyuoni wameeleza fidya ya kumlisha maskini kwa kila siku.

Kumbukeni pia kisa cha sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, kama kilivyopokewa na Abu Daud. Alihitaji kuoga josho, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawalaumu wale waliomjibu bila ya ujuzi, na akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza. Tazameni vizuri: yule majeruhi aliuliza. Kosa ni la waliojibu jambo wasilolijua. Sasa ni wangapi kati yetu tunaowaambia wagonjwa barazani, "Ah, funga tu, sukari itakuwa sawa, mimi mjomba wangu alifunga"?

SHERIA IMESEMAJE?

Wengi hawajui kwamba kuuliza ni haki yako iliyoandikwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za tiba zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kwamba unaweza kukataa. Tena akueleze kwa lugha unayoifahamu, kadiri inavyowezekana. Na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Lakini mkataba huo huo una upande wa wajibu: mgonjwa atoe habari za kweli juu ya afya yake. Ukificha kwamba unafunga, umemfunga daktari macho kisha unamtaka akuongoze njia.

UAMUZI WA PAMOJA NI UPI?

Si kwamba daktari anaamuru na wewe unaitikia. Wala si kwamba wewe unataka na yeye anakubali kila kitu. Yeye analeta ujuzi wa maradhi na dawa. Wewe unaleta maisha yako: unakula nini, unafanya kazi gani, kama unapiga jembe shambani au umekaa dukani, Ramadhan iliyopita ilikuwaje, na saumu ina uzito gani moyoni mwako. Mkishaweka yote mezani ndipo mnapima.

Madaktari wanaoshughulika na jambo hili duniani wametoa mwongozo mwaka 2016, wakaurekebisha 2021, wa kumpa kila mgonjwa alama za hatari: ya chini, ya kati au ya juu. Mwenye sukari ya aina ya kwanza isiyotulia, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizoharibika sana, au aliyezimia kwa sukari kushuka karibuni, huyu hatari yake ni ya juu na atashauriwa asifunge. Lakini mwingine sukari yake imetulia kwa chakula na metfomini, anaweza kuelekezwa namna ya kufunga kwa usalama. Kwa hiyo usiogope kwamba jibu ni "usifunge" siku zote. Kuna kufunga na dawa ikabadilishwa, kuna kujaribu siku chache huku ukijipima, na kuna kula sasa ukalipa baadaye.

Ukiingia kwa daktari, mwambie mapema, kabla hajashika kalamu: "Daktari, mimi ni Muislamu, Ramadhan nataka kufunga." Kisha uliza haya:

1. Kwa hali yangu, nina njia gani za kuchagua?
2. Kila njia ina faida gani na hatari gani, na hatari hiyo ni kubwa kiasi gani kwangu mimi?
3. Dawa hii niimeze saa ngapi, na kipimo kiwe kile kile au kipunguzwe?
4. Nikiona dalili gani nifungue mara moja?

Halafu mrudishie kwa maneno yako: "Nimeelewa hivi, ni sawa?" Hapo ndipo wengi hugundua walisikia nusu. Maswali yaandike kwenye karatasi. Nenda na mtu unayemwamini, lakini aende kukusaidia kukumbuka, asiende kukusemea. Kama lugha ni shida, omba nesi akutafsirie. Na vizuri uende wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Kama Ramadhan imeshaingia na hujaenda, nenda hata kesho.

KUJIPIMA NA KUFUNGUA

Wako wanaoacha kujipima mchana kwa kudhani tone la damu linabatilisha saumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba kutoa damu ya kupima hakubatilishi, na vile vile sindano ya tiba isiyokuwa ya chakula. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako, lakini usiache kujipima kwa kusikia tu.

Mwongozo niliotaja unasema hivi: sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.7, au ukijisikia vibaya, fungua. Hata kama imebaki robo saa kabla ya adhana. Hutangojea adhana na roho inatoka.

KWENU FAMILIA NA VIJANA

Daktari na mgonjwa wakishakubaliana, kazi inayobaki ni yetu nyumbani. Kuna mzee anayekula jikoni amejificha kama mwizi, kwa sababu mjukuu alimuuliza mbele ya wageni, "Babu, leo hufungi?" Kuna mama anayefunga kinyume na walichoamua na daktari kwa kuogopa maneno ya mashemeji. Uamuzi mzuri uliofanywa hospitalini unavunjwa na ulimi wetu sebuleni. Basi mwenye ruhusa tumwekee chakula chake kwa heshima, na tukae naye kwenye futari kama kawaida, maana ujira wake uko kwa Mola wake.

Na nyinyi vijana, mnaojua kusoma na kuandika, mna kazi ya thawabu isiyohitaji pesa. Mtembelee bibi yako au jirani yako, muulize kliniki yake ni lini, mwandikie maswali yake, muoneshe mashine ya kupima sukari inavyotumika. Kisha mpeleke, keti kando yake, na mwache aseme mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri madaktari na manesi wanaowahudumia, na azikubali saumu za waliofunga na nyudhuru za wasioweza. Amin.

Wabillahi tawfiq.