Kazi Yetu Sisi Tuliobatizwa
Maneno ya Mwalimu wa dini mbele ya Wakristo na waalimu, siku ya Jubilei



Baba Askofu, Mapadre na Masista waheshimiwa, waalimu wenzangu, nanyi Wakristo wote mliotoka vigango vya mbali: nimeamriwa niseme maneno machache juu ya kazi ya walei katika Kanisa. Walei ndio sisi, tusio mapadre wala watawa. Sisi wenye mashamba, maduka, ofisi na watoto wa kulea.

Naanza kwa jambo linalonitia haya. Mwaka mmoja nalikuwa safarini, nikifundisha kijiji kingine. Usiku mtoto mchanga wa Mkristo wetu alishikwa na homa kali. Wazazi walipoona hali yake yazidi kuwa mbaya, walimtuma kijana aje mbio kuniita, nao wakaketi kuningoja. Maji yalikuwamo mtungini, hatua tatu kutoka kitandani. Watu wazima wanne waliobatizwa walikuwamo nyumbani, wala hata mmoja hakuthubutu kumbatiza mtoto. Nilipokaribia alfajiri, nilisikia kilio tangu njiani.

Tulimzika mtoto yule, tukamweka katika huruma ya Mungu, isiyofungwa na udhaifu wetu. Lakini baba yake aliniuliza: "Mwalimu, kumbe ningaliweza kumbatiza mimi mwenyewe?" Nikamjibu: "Ungaliweza." Akasema: "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na la kujibu. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha sala na amri, lakini sikuwafundisha kwamba Kanisa ni lao pia.

Tangu siku ile nimezitafakari sana habari za Mashahidi wa Uganda. Wamisionari wa kwanza wa Shirika la Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 iliwapasa kuondoka, wakaenda kukaa Bukumbi, upande wa kusini wa Ziwa. Hawakurudi hata Julai 1885. Muda wa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na Misa wala kitubio. Mtu angalidhani imani itakufa, kama mbegu iliyopandwa wakati wa kiangazi. Haikufa. Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao walikusanya watu, wakasali pamoja, wakawafundisha wageni. Mapadre waliporudi, waliwakuta wanaotaka mafundisho wamekuwa wengi kuliko walivyowaacha.

Tazameni tena Karoli Lwanga. Yeye alibatizwa Novemba 1885. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, vijana wa jumba la mfalme walipojua kwamba kifo chaweza kuwafikia kesho yake, yeye ndiye aliyewabatiza Kizito na wengine waliokuwa bado wakatekumeni. Alikuwa Mkristo wa miezi sita tu, wala hakuwa padre. Lakini alijua ni nini awezalo, akalitenda. Hapo ndipo ninapomkumbuka mtoto wa kigangoni kwetu, na moyo wangu hunichoma.

Basi, nguvu hiyo yatoka wapi? Yatoka katika Ubatizo. Mtume Petro aliwaandikia Wakristo wote, si wakubwa wao peke yao, kwamba wao ni ukuhani wa kifalme. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha waziwazi kwamba walei hushiriki kwa namna yao kazi ya Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Mwaka uliofuata ukatoa hati nzima juu ya utume wao. Kwa hiyo kazi yetu si kibarua tunachopewa kwa sababu mapadre ni wachache. Hata mapadre wangejaa kila kijiji, kazi hiyo ingebaki yetu.

Lakini tusidanganyike, waalimu wenzangu. Wale wa Buganda hawakujifanya mapadre. Waliitamani Misa, wakawapokea mapadre kwa furaha. Mnamo tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista; nasi tulifurahi. Hata hivyo, heshima hiyo si kiti cha kukalia mbele ya watu. Mwalimu anayeyafanya yote peke yake, hata watu wakaketi kumngoja, anawadhulumu. Mimi nalikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Wala uwanja wa mlei si kanisani tu. Nowa Mawaggali wa Mityana alikuwa mfinyanzi. Yosefu Mukasa alikuwa msimamizi katika nyumba ya mfalme Mwanga. Aliwalinda vijana na uovu, akamkanya mfalme kwa kumwua Askofu Hannington, ambaye hakuwa hata wa Kanisa letu. Kwa hayo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Alilipia imani yake pale pale kazini pake. Nasi tujiulize: mizani ya duka letu yasema kweli? Mjane akidhulumiwa shamba, nani miongoni mwetu husimama barazani?

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika jimbo hili sisi si wageni tena. Nawaombeni mambo matatu. La kwanza: katika kila nyumba, mkubwa na kijana wajue kubatiza wakati wa hatari ya kufa, yaani kummiminia mtu maji kichwani na kutaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. La pili: sala ya jioni isimngoje Mwalimu, baba na mama waiongoze. La tatu: jumuiya ndogo ndogo ziwatembelee wagonjwa kabla ya kutumwa.

Nilirudi kwa baba yule nikamwomba msamaha. Alinisamehe. Siku hizi yeye ndiye awafundishaye wazazi wa kigango chetu jinsi ya kubatiza katika hatari, nami huketi nyuma nikimsikiliza.

Mashahidi watakatifu wa Uganda, mtuombee. Amina.